Kurudi kijijini au kubaki Lubumbashi?

SWALI: Tunapanga nyumba Katuba, watoto watatu wanasoma. Mume wangu anataka turudi kijijini, upande wa Kasenga, tulime mahindi. Tumfuate?

JIBU: Mama, msirudishe nyumba mwaka huu. Aende yeye kwanza, nyinyi mbaki hadi mavuno ya kwanza, maana mahindi yanayopandwa mvua ikishika, Novemba, huvunwa Aprili au Mei. Katikati hapo mtanunua unga, na Januari na Februari ndiyo miezi unga unapopanda bei.

Shamba liwe limesafishwa kabla ya Oktoba kuisha. Hekta moja inataka kilo 25 hivi za mbegu: mistari iachane sentimeta 75, mashimo sentimeta 25, punje moja kila shimo. Wengi huchelewa hadi Januari wakisubiri pesa ya mbolea. Mvua inakatika Aprili, punje hazijajaa. Kama mbolea haitoshi, heri alime nusu hekta ailishe vizuri, kwa sababu udongo wa kwetu una asidi nyingi na umechoka. Mche ukiwa mdogo, afungue majani ya katikati kila asubuhi: akiona unga kama wa msumeno, kiwavijeshi kiko ndani, akiue siku hiyo hiyo.

Ardhi aombe kwa chifu mbele ya mashahidi, watembee mipaka yote kwa miguu, wapate karatasi.

Shule muiangalie kwa macho yenu. Vijiji vingi vina msingi tu, na mtoto wa sekondari atabaki mjini kwa ndugu, naye anahitaji chakula na karo.