Kwa nini wanawake wa makazi ya wakimbizi wanajibu "hakuna shida", na namna ya kuwauliza vizuri

Dada uliyeuliza, nimesoma swali lako zaidi ya mara moja. Unasema mliitisha mkutano kwenye makazi ya wakimbizi huku magharibi mwa Uganda, mkawauliza wanawake kama mradi wenu wa maji, vyoo na fedha za chakula unaweza kuwaletea hatari, na karibu wote wakajibu hakuna shida, asanteni kwa msaada. Bosi wako anataka kuandika kwamba wanawake wameshirikishwa. Wewe moyo unakukatalia, na unataka kujua ufanye nini.

Moyo wako hauna kosa. Mimi nilivuka Ziwa Albert kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, nikashukia Sebagoro upande wa Uganda, pamoja na wengine wengi wa wimbi lile la mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Nilipewa kiwanja kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, na tangu hapo nimefanya kazi ya kutafsiri na kuongoza vikundi vya wanawake kwa mashirika mbalimbali. Nimeulizwa maswali haya, na nimeyauliza.

Fikiria kwanza nani alikuwepo pale. Mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, ameketi mbele, pembeni yake mtu wa OPM, ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, kijana wa shirika ana tableti mkononi, gari limeegeshwa chini ya mti, na wanaume wamesimama nyuma wakisikiliza. Mwanamke mnayemuuliza ana watoto watano na karatasi moja ya familia. Mwaka 2018 alipanga foleni ya uhakiki wa vidole na macho. Mwezi wa nne 2020 mgao ukakatwa asilimia 30. Mwaka 2023 watu wakagawanywa kwa makundi ya uhitaji, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini Uganda wakatolewa kabisa kwenye mgao wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Amejifunza kwamba neno likiingia kwenye tableti linaweza kurudi kwake kama chakula, au kama jina lililofutwa. Nani amemhakikishia kwamba jibu lake la leo halihusiani na orodha hiyo? Na je, atasema mbele ya mwenyekiti kwamba vijana wa nyumbani kwa mwenyekiti ndio wanaowazuia wasichana bombani? Atasema hakuna shida, na atapiga makofi.

Kwa hiyo mkutano ule uacheni kwa kazi yake ya kutangaza. Kuuliza kunahitaji mahali pengine: kituo cha wanawake kama kipo, chumba cha kanisa, au uwanja wa mama anayeheshimika, mbali na ofisi na mbali na barabara. Wawe wanane au kumi, wasizidi hapo. Anayeuliza awe mwanamke, anayetafsiri awe mwanamke, na hapa kwenye kutafsiri msiharakishe. Kyangwali kuna Wagegere (ndio Wahema wa kaskazini), Waalur, Walendu, Wanyabwisha na wengine. Kwa mauaji yaliyotokea Djugu, kule Ituri, kati ya Wahema na Walendu, ni vigumu Mlendu kutoa hofu yake kupitia kinywa cha Mhema, na Mhema kupitia cha Mlendu. Kiswahili kinatuunganisha sokoni, lakini bibi aliyelelewa kijijini anaogopa kwa lugha ya kwao. Muulizeni mwenyewe anataka nani amtafsirie.

Halafu msiridhike na wale viongozi wa wanawake ambao kila shirika linawaita. Ni watu wazuri na nawaheshimu, ila nyumba zao mara nyingi ziko karibu na kituo, na maisha yao si ya mjane aliyepewa kiwanja ukingoni, kule ambako bomba halijafika. Mtafuteni huyo. Mtafuteni mama mwenye ulemavu asiyeweza kufika kwenye mgao bila kumtuma mtu, kwa sababu huyo mtu anayetumwa ana nguvu kubwa juu yake. Mtafuteni msichana aliyezaa akiwa na miaka 15 na hayuko shule wala hayuko kwenye vikundi vya akina mama. Wasichana wawe na kikao chao, mama zao wasiwemo, na wa miaka 10 hadi 14 msiwachanganye na wa miaka 15 hadi 19. Mzazi aombwe ruhusa, kisha msichana mwenyewe aulizwe kama anataka, na akikataa aachwe aende. Kwetu jioni ya siku ya shule hupati msichana, yuko kwenye maji na kuni. Jumamosi mchana ilitufaa zaidi.

Sasa maswali yenyewe. Kamwe msiulize "umewahi kubakwa?" wala "mume wako anakupiga?" Hamhitaji hadithi ya mtu ili kujenga choo mahali panapofaa. Ulizeni juu ya njia, saa na watu. Nani anachota maji jioni? Anapita wapi? Akifika kuna nani? Mgao ukiisha saa kumi na mbili, wanarudije na gunia? Mahali gani hamumtumi binti yenu peke yake? Mwanamke ambaye hajafungua mdomo kwenye mkutano atakueleza njia hizo hatua kwa hatua, kwa sababu unamuuliza kuhusu kitu anachokijua kuliko wewe, na hakuna aibu ndani yake.

Sisi tulikuwa tunachora ramani chini kwa kijiti. Punje za mahindi ni mahali wanapopita kila siku, mawe madogo ni mahali wanapoogopa. Kikao kimoja cha wasichana sitakisahau. Waliokuja walikuwa watu wa mradi wa vyoo, na walitegemea mawe yaende vyooni. Machache yalikwenda huko. Mengi yalirundikwa kwenye mashine ya kusaga. Tuliuliza kwa nini. Siku zile mgao ulikuwa mahindi ya punje, na familia lazima isage. Mwenye mashine alikuwa anawasha mchana umeshaenda ili asimalize mafuta, foleni inaingia gizani, na asiye na pesa ya kusaga huacha sehemu ya mahindi yake au huambiwa asubiri mwisho. Msichana anayesubiri mwisho, peke yake, saa mbili usiku, na deni juu, mnaelewa anaombwa nini. Hakuna hata mmoja aliyetaja jina lake wala kusema limempata yeye. Haikuhitajika.

Suluhisho pia walikuwa nalo wenyewe: mashine iwashwe saa nne asubuhi siku mbili za wiki kwa ajili yao, wanawake wawili wazima wasimamie foleni, na shirika likubali kulipia kusaga kwa familia zinazoongozwa na watoto. Mawili ya kwanza yalifanyika ndani ya mwezi. La tatu lilikwama kwenye bajeti, na wasichana waliambiwa hivyo waziwazi.

Jambo jingine lililonifundisha ni taa. Wahandisi wengi huamini taa ya sola karibu na choo inaleta usalama. Mahali fulani ilileta kinyume chake: vijana wakahamishia michezo ya karata chini ya ile taa, na wasichana wakaacha kwenda chooni usiku, wakatumia kopo ndani ya nyumba. Ilipohamishiwa kwenye njia panda na vyoo vikawekewa komeo la ndani, hali ikabadilika. Nani angeyajua hayo bila kuwauliza wanaotumia? Kwa hiyo wapelekeni wahandisi wenu watembee na wanawake hao kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Watembee jioni, si saa nne asubuhi.

Kwa bosi wako, mwonyeshe viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani huvifuata, kwa sababu namba huwa zinawashawishi watu wa ofisini: bomba lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka nyumbani, foleni isizidi dakika 30, choo kimoja kwa watu 20, vyumba vitatu vya wanawake kwa kimoja cha wanaume, mlango unaofungwa kwa ndani. Na akisema hakuna ripoti za ukatili kwenye eneo lenu, kwa hiyo hakuna tatizo, miongozo ya 2015 ya IASC, kamati inayounganisha mashirika ya misaada ya Umoja wa Mataifa na mengine, inamjibu: chukulieni kwamba ukatili upo, chukueni hatua, msisubiri takwimu.

Kuna jambo ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote, na naomba usilipuuze. Kabla hujauliza swali hata moja, jua utampeleka wapi atakayeanza kusema. Maana hata ukiuliza juu ya njia tu, kuna mama atakayelia na kuanza kusimulia yaliyompata. Kituo gani cha afya kina dawa za PEP za kuzuia VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72? Vidonge vya kuzuia mimba ndani ya saa 120 vipo au viliisha? Nani wa huduma za kisaikolojia, anakaa wapi, anapokea simu siku gani? Polisi wa karibu wana afisa mwanamke? Piga simu uhakikishe, usiamini karatasi ya ukutani, kwa sababu mashirika mengi yamefunga miradi na karatasi imebaki palepale. WHO ilishaandika tangu 2007 kwamba huduma za msingi ziwepo kabla ya kukusanya habari za ukatili wa kijinsia. Mama akianza kusimulia kikaoni, mshukuru, mwombe kwa upole mzungumze wawili baada ya kikao, mpeleke kwa mtu aliyefunzwa. Usimhoji. Usimrekodi. Usiandike jina lake popote.

Na wanaume? Waambieni ukweli ambao hautawaumiza wake zao: mnauliza wanawake juu ya maji, vyoo na mgao, ili mradi ujengwe vizuri. Ndivyo ilivyo. Mkitangaza kwa kipaza sauti "mkutano wa ukatili dhidi ya wanawake", kuna atakayerudi nyumbani akaulizwa amesema nini, na jibu lolote atakalotoa halitamwokoa.

Sasa gumu kidogo. Hatari nyingine ni sisi wenyewe tunaotoa msaada. Mwaka 2002 ilifichuka Afrika Magharibi, Guinea, Liberia na Sierra Leone, kwamba wafanyakazi wa misaada walikuwa wanabadilishana chakula na huduma kwa ngono na wasichana wakimbizi. Ndipo zikaja kanuni sita za IASC mwaka huohuo, na waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2003: ngono na mtu wa chini ya miaka 18 ni marufuku, kubadilishana msaada au kazi kwa ngono ni marufuku. Wanawake wengi hawajui kwamba sheria hiyo ipo. Wanadhani anayeandika orodha ana haki ya kuomba. Waambieni, kwa maneno mepesi, kila kikao: msaada ni bure, na mtu yeyote akiomba kitu amevunja sheria, awe mwandishi wa orodha, mlinzi, mbeba magunia, mkalimani, au mimi.

Ndiyo maana yule anayegawa asiwe yule anayeuliza. Na sanduku la malalamiko mbele ya ofisi mliondoe kwenye matumaini yenu: asiyejua kuandika hawezi kulitumia, na anayejua anaonekana na kila mtu akitumbukiza karatasi. Laini ya bure ya 116, Sauti, inasaidia kwa watoto na kwa ukatili, lakini muulizeni mama simu ni ya nani. Swali hilohilo liulizeni kwenye fedha za chakula. Simu ni ya nani, laini imesajiliwa kwa jina la nani, na usiku wa siku ya malipo nyumbani kunakuwaje? Wengine watawaambia wanapendelea mahindi kuliko pesa, kwa sababu mahindi hayanyweki baa. Wengine watataka pesa, kwa sababu gunia linaonekana njiani na pesa haionekani. Msiwachagulie.

Ulichokusanya mwaka juzi usikiamini leo. Tangu mgao ulipokatwa, wasichana wengi wanakwenda leja leja, yaani vibarua vya siku, kwenye mashamba ya wenyeji, mbali zaidi, wengine wakipita katikati ya miwa, na kuni zinatafutwa kuelekea msitu wa Bugoma. Mawe ya ramani yamehama. Tengeni fedha kidogo kwenye bajeti isiyopangiwa kazi mpaka vikao viishe, la sivyo mnauliza mambo ambayo hamna uwezo wa kuyabadilisha. Kisha rudini kwa vikundi vilevile, mseme hiki tumefanya, hiki tumeshindwa, na sababu ni hii. Wasiporudiwa, shirika litakalofuata litaambiwa hakuna shida.

Umeuliza pia kama muwape washiriki chochote. Sisi tulitoa sabuni mche mmoja kwa kila mtu na nauli ya boda kwa aliyetoka mbali au asiyeweza kutembea, na tulikuwa na mama mmoja wa kushika watoto nje ili mama zao wazungumze bila kunyonyesha kwa haraka. Sabuni itolewe mwisho, kwa wote sawa, na aliyekaa kimya kikao kizima apewe kama wengine.