Maswali na majibu: Hununui bangi, unanunua lipstiki

Majuma matatu yaliyopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba katika miaka niliyosimama nyuma ya kaunta ya vipodozi, kwanza Mombasa kisha Nairobi, nimewauzia wanaume wengi waliokuwa wakijinunulia wenyewe. Mstari huo umeniletea barua kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya nywele. Nyingi zimetoka kwa wanaume wanaopenda kujipamba na kuvaa kike, wengine chumbani peke yao, wengine jukwaani, na karibu wote wanauliza jambo moja: nitaingiaje dukani? Nimechagua chache. Walioambatanisha picha zao wajue nimezifuta. Msimtumie picha ya namna hiyo mtu msiyemjua, hata akijiita shangazi.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, niko Thika. Napenda kuvaa kike nikiwa peke yangu, na sasa nataka mekapu yangu badala ya kuchukua ya dada kwa kuiba. Nimekwenda Dubois Road, Nairobi, mara tatu. Ya kwanza nilitoka na kitana, ya pili na mafuta ya ndevu, ya tatu sikuingia kabisa. Naona aibu hadi mikono inatetemeka. – Mwenye Kitana

Marahaba mwanangu. Unachoona si aibu, ni haya. Aibu ni ya mwenye kosa. Haya humpata hata bibi harusi. Hakuna sheria Kenya inayomkataza mwanaume kununua lipstiki, kwa hiyo acha kutembea kama aliyeficha bangi kwenye soksi. Ukiingia ukiangalia huku na huku, mlinzi atakufuata akidhani umekuja kuiba, kisha utasema amekufuata kwa sababu amejua siri yako.

Tena umekwenda mahali pazuri bila kujua. Dubois na River Road ni kwa wauzaji wa jumla, na wanaume huingia mle kutwa: mwenye duka kutoka Kitui, kijana wa saluni, dereva aliyetumwa na mkewe. Wanashika karatasi na kusoma: lipstiki dazani, wanja dazani mbili. Andika karatasi yako. Mwanaume mwenye orodha mkononi ndiye mteja wa kawaida kuliko wote katika mtaa ule, na muuzaji mwenye foleni ya watu kumi hana muda wa kuwaza utaipaka wapi.

Kasoro ya maduka ya jumla ni kwamba hawakupi nafasi ya kujaribu rangi. Kwa hiyo wanja, sponji, pamba na lipstiki nunua huko. Faundesheni kainunue kwenye duka lenye za kujaribia, na hapo itabidi ufungue mdomo. Sema hivi: "Natafuta inayolingana na uso wangu." Basi. Atadhani unafunga ndoa, unaingia kwenye televisheni au unaficha makovu ya chunusi. Mabwana harusi wanapakwa poda kila Jumamosi, na yule msomaji wa habari unayemwona anang'aa saa moja jioni hakuzaliwa hivyo.

Usiseme "ni ya mke wangu." Uwongo huo nimeusikia hadi naweza kukumalizia. Ubaya wake ni wa hesabu: nikikuuliza mke ana rangi gani, utasema maji ya kunde kwa kuwa ndilo neno la kwanza kukujia, nami nitakupa ya maji ya kunde, ilhali wewe ni mweusi tii. Nilikuwa na mteja aliyenunua chupa tatu kwa mwaka mmoja, zote za mke asiyekuwepo, zote za kutupa. Mwaka wa pili akaja, akasimama, akaniambia, "Dada, tafuta inayofanana na mimi." Ilituchukua kama dakika nne.

Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi. Usiende Ijumaa jioni wala mwisho wa mwezi. Usiende duka la mtaani kwenu ambako mama anakopa sukari. Na muuzaji akicheka? Rudisha pesa mfukoni, toka polepole, ingia mlango wa pili. Pale maduka yamebanana kama meno.

Ya dada iache leo hii. Maskara ya watu wawili ni tiketi ya macho mekundu.

Shangazi, nianze na nini? Nina shilingi 2,000. – Wengi mno

Swali hili limekuja mara kumi na moja, na nimeshalijibu kwa wasichana wa kidato cha nne. Uso ni uso. Faundesheni moja ya rangi yako, poda, wanja wa penseli, lipstiki moja, sponji. Kope bandia ziache kwanza, utajigundisha jicho.

Nikijipamba nataka nionekane mwororo na mweupe kidogo, kama mwanamke. Rafiki ameniuzia krimu iliyo kwenye kopo lisilo na jina. Naweza kuipaka chini ya faundesheni? – J., Eldoret

Nani alikwambia mwanamke ni mweupe? Mimi ni mwanamke, na mama yangu alikuwa mwanamke, na sote ni weusi wa kuonekana meno gizani.

Kopo hilo litupe leo, tena usimpe mtu. Krimu za kujichubua zinazouzwa bila jina mara nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, au dawa za steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni miaka mingi sasa. Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa zebaki ya kiwandani, uliweka kikomo cha sehemu moja katika milioni kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiasi hicho kiondolewe. Bado vinapita mipakani ndani ya magunia. Ukikuta kopo lenye maandishi, tafuta maneno "calomel" au "mercurous chloride". Ndiyo hiyo hiyo zebaki imevaa kanzu. Na ukiona maelezo yanakuonya usiguse dhahabu wala fedha ukiwa umeipaka, jiulize kitu kinachokula pete kitakufanyia nini shavuni.

Sasa rangi. Kosa hili si lenu peke yenu, nimelipigania na maharusi hadi koo likakauka. Faundesheni nyeupe juu ya ngozi nyeusi haimfanyi mtu mweupe, inamfanya wa kijivu, kama aliyeangukia gunia la unga, na shingo inabaki nyuma ikishuhudia. Wewe unayetaka usitazamwe sana ndiye hasa usiyeweza kumudu uso wa rangi mbili. Usijaribie mgongoni mwa mkono, maana mkono umeungua jua na hauna ndevu. Chora mistari mitatu kwenye taya, ishuke kidogo shingoni. Toka nje ya duka, kwa sababu taa za dukani ni waongo walioajiriwa. Subiri dakika kumi, maana nyingi hukolea zikikaa hewani. Mstari uliopotea ndio wako. Najua hilo la kusimama nje na mistari usoni ndilo linalokutisha. Basi omba wakupakie kidogo kwenye kikopo au kipande cha plastiki, ukajaribie nyumbani dirishani. Duka zuri halikatai.

Na msiniambie rangi zetu hazipatikani. Iman, Msomali aliyevuma kwa uanamitindo New York, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 baada ya kuchoka kujichanganyia rangi mwenyewe. Mwaka 2017 Fenty Beauty ikaanza na rangi 40 kwa mpigo, na tangu hapo kampuni nyingine zimelazimika kukimbia. Za kweli ni ghali, ndiyo. Lakini hata chupa za bei ya kati siku hizi zinafika kwenye weusi wetu. Za MAC za shilingi 300 barabarani si MAC, na mnalijua hilo.

Nifanyeje kivuli cha ndevu kisionekane? Nikipaka faundesheni nyingi inakatika kama udongo wa Turkana. – Kidevu, Kisumu

Kwa sababu unapaka nyingi. Kivuli cha ndevu ni cha bluu-kijivu, na bluu haifunikwi kwa wingi, inazimwa kwa rangi ya chungwa. Wenye pesa wanunue konsila, krimu ya kufichia madoa, ya chungwa. Wasio nazo wachukue lipstiki ya chungwa iliyokoza isiyong'aa, wagonge kidogo kwa kidole kwenye kidevu na juu ya mdomo, tabaka jembamba. Poda kidogo. Kisha faundesheni kwa sponji yenye unyevu, kwa kugongagonga. Ukisugua utafufua chungwa lote na kufanana na embe.

Kunyoa ni nusu ya kazi. Nyoa baada ya kuoga maji ya moto, ukifuata nywele zinakoelekea, usizipinge. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini mno zinageuka na kuingia ngozini, ndivyo vile vipele vinavyowatesa. Kama una vipele vibichi, ahirisha. Usipake kitu juu ya kidonda, na usipitishe spiriti ya kinyozi kisha mekapu dakika ile ile.

Nimekuta lipstiki na wigi kwenye sanduku la zana la mume wangu. Nilidhani ni mwanamke mwingine, kumbe ni vyake, amekiri. Hana mtu wa nje, anasema anapenda tu kuvaa tangu utotoni. Amenichoka? Nimwambie mama mkwe? – Mama Watoto, Nyali

Mama mkwe hapana. Mchungaji hapana, na lile kundi la chama hapana kabisa. Neno la namna hii likitoka nje ya mlango halirudi, na kwa mitaa yetu linaweza kumtoa mtu kazini au kumwitia kundi la vijana wenye mawe. Hata ukiamua kumwacha, mwache kwa mdomo uliofungwa.

Kukuchoka? Aliyekuchoka hafichi lipstiki kwenye sanduku la spana, anaondoka. Wapo wanaume wengi wanaovaa kike na wanawapenda wake zao kama kawaida. Kuvaa ni jambo moja, anayempenda ni jambo la pili, na jibu la la pili analo yeye, mimi sina. Muulize mkiwa mmetulia, watoto wamelala. Una haki ya kusema lipi unaliweza na lipi huliwezi. Wengine huwaambia waume zao: fanya, lakini nisione. Wengine huishia kuwachagulia rangi. Jambo la tatu ni la kaunta: kila mtu na brashi zake, kila mtu na wanja wake. Mapenzi hayazuii maambukizi ya macho.

Nikinunua mtandaoni si ndiyo siri zaidi? – Anayejificha, Ruiru

Unadhani. Ukilipa kwa M-Pesa, jina la duka linabaki kwenye simu yako, na simu yako anaichezea nani? Kisha mwendesha boda anapiga akiwa getini, kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Nina mzigo wako wa mekapu!" Kachukue mwenyewe kwenye kituo cha kuchukulia, au lipa taslimu dukani. Na rangi ya faundesheni iliyochaguliwa kwenye kioo cha simu ni bahati nasibu.

Niko Muscat kwa kazi. Naweza kununua na kuvaa huku? – S.

Kununua ni biashara, kuonekana umevaa ni kesi. Sheria ya adhabu ya Oman ya 2018, kifungu cha 266, inamtia hatiani mwanaume anayeonekana na mavazi ya kike, na kifungo kimo. Wewe ni mgeni na kibali chako kiko mikononi mwa mwajiri. Chumba cha kulala watu sita si chumba. Subiri likizo.

Unafundisha wanaume wetu upuuzi wa wazungu. Mwanaume wa Kiafrika hajipaki rangi. – Baba Mwenye Hasira

Babu yangu, Mombasa, alipaka wanja kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na hadithi za Mtume zinautaja wanja wa ithmid. Morani wa Kimaasai anajipaka udongo mwekundu kuanzia nywele. Wawodaabe wa Niger wana sherehe yao, Gerewol, ambapo wanaume hujipamba nyuso na kucheza huku wanawake wakichagua mzuri. Mzungu gani aliwafundisha? Sisemi hao walivaa kike. Nasema wewe umesema rangi.

Nikiwa hapo kwenye wanja: ule wa unga usio na jina, unaoletwa kwenye karatasi kutoka safarini, mwingine una madini ya risasi. Wa babu pia sijui ulikuwa na nini. Watoto msiwapake.

Naweza kujaribia lipstiki ya dukani mdomoni? – Mgeni

Mdomo wa watu arobaini umepita hapo. Mkononi tu.

Shangazi, wanja hautoki. Nimesugua kwa sabuni ya kipande usiku mzima, asubuhi bosi akaniuliza kama naumwa macho. – Fundi, Mlolongo

Ulimjibu nini? Sabuni haiwezani na wanja wa mafuta. Mafuta ndiyo huyatoa mafuta. Paka mafuta ya nazi au vaselini kwenye pamba, iweke juu ya jicho lililofumba, hesabu hadi thelathini, futa kushuka chini mara moja. Rudia kwa pamba safi, ndipo unawe. Pembeni ya kope, karibu na pua, ndipo panaposahauliwa. Pita hapo na kijiti cha masikio kabla ya kwenda kazini.