Kabla hujaweka pevingi uwanja mzima

Nilipomaliza kujenga Moshono, hapa Arusha, nilichojivunia kuliko hata nyumba yenyewe ni uwanja. Matofali ya pevingi ukuta hadi ukuta, hakuna pa kupanda hata mchicha. Maji ya bati na ya uwanja nikayaelekeza kwenye bomba la inchi nne lililotokea nyuma ya ukuta, yamwagike korongoni. Fundi akanihakikishia, "Bosi, hapa mvua haikugusi." Kweli, mimi haikunigusa.

Masika haijafika katikati, mama anayekaa upande wa chini akaja kugonga geti. Nikamwamkia, hakuitikia. "Mwanangu, njoo uone kazi ya maji yako." Chini ya mdomo wa bomba palikuwa na shimo la kumeza ng'ombe. Migomba yake mitatu imelala mizizi juu, na msingi wa ukuta wangu unaning'inia. Udongo wa huku chini ya mlima Meru una majivu mengi ya volkano. Maji ya kasi yakiupata, hauna ubishi.

Ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati langu ni mita za mraba 120, uwanja 200. Ikinyesha milimita 40, na masika hilo si jambo la ajabu, nakusanya lita 12,800. Mapipa 64 nimemtupia jirani kwa tundu moja!

Nilianza na simtanki la lita 5,000. Arusha maji mengi ya visima yana floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia yakizidi, meno yetu yanajieleza, na maji ya mvua hayana. Yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaache yapite kwanza, ndipo ukinge. Halafu nikang'oa pevingi, nikabakiza njia mbili za matairi, katikati nikapanda nyasi. Iliniuma, maana nilikuwa nimeshalipia.

Kazi yenyewe ilikuwa shimo la mawe, la kuyapokea maji yanywee ardhini. Jaribu kwanza: chimba kishimo cha futi mbili jioni, mwaga maji kijae. Ukiamka ukakuta bado yapo, udongo haunyonyi, usipoteze hela. Kwangu yalikauka kabla sijalala. Nikachimba mita 2 kwa 2, kina mita 1.5, umbali wa mita 5 na zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali na shimo la choo. Nikajaza mawe makubwa, si kokoto ndogo wala vifusi vya matofali. Nafasi kati ya mawe ndiyo inayobeba maji, kama lita 2,400 hivi kwa shimo la ukubwa huo. Kabla ya shimo, weka chemba ndogo ya kunasa mchanga na majani. Wengi wanairuka, na msimu mmoja tu shimo limejaa tope.

Yanayozidi bado yanaenda korongoni, ila sasa yanashuka kwenye ngazi za mawe, polepole, na ukingoni nimepanda nyasi za gwatemala. Ng'ombe wa mama wanapata majani.

Kuna wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo usiku. Tunawajua, harufu haifichiki. Korongo za mjini zinaishia kwenye mito kama Themi, na watu wanamwagilia mboga kwa maji ya Themi. Ule mchicha unarudi sokoni, unakula wewe. Themi nao unaingia Kikuletwa, unafika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kama bado unatafuta kiwanja, nenda kakione mwezi wa nne, si wa nane. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni zisiwe na shughuli za kudumu, na dalali hatakwambia. Aprili 2024, pale Muriet, gari la wanafunzi lilisombwa na maji likaingia korongoni. Sehemu ambayo kiangazi unaivuka kwa miguu bila kulowa.

Chemba naisafisha kila mwisho wa Februari na mara moja katikati ya masika. Mwaka huu yametoka makarai matatu ya tope jeusi, nikayapeleka kwa mama kwa toroli. Migomba amepanda mingine. Salamu anaitikia, ila akisikia radi bado anatoka kuangalia ukingo.