Muswada wangu ulirudishwa kwa sababu ya 3.46

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamili kaniandikia: "Dada, Turnitin, ile programu ya kupima ufanano na maandishi ya wengine, imenipa asilimia 9 tu. Sasa si naweza kutuma muswada jaridani?" Ujumbe huo umenigusa, maana na mimi niliwahi kuamini hivyo hivyo.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na hojaji za wauguzi 25, majibu yakianzia 1 hadi 5. Ufanano ulikuwa mdogo, Kiingereza kimepitiwa, nikatuma. Baada ya wiki tano mhariri akajibu kwa aya moja: wastani wa 3.46 hauwezekani kwa watu 25, na wao wana shaka na chanzo cha takwimu zangu. Umekataliwa. Nakala ilikwenda kwa msimamizi wangu. Kuambiwa kwa adabu kwamba huenda umepika data, mbele ya mtu aliyekufundisha kazi, ni jambo linaloniuma hadi leo.

Nikachukua kalamu. Kila muuguzi alichagua namba nzima, basi jumla yao lazima iwe namba nzima. 86 ukigawa kwa 25 unapata 3.44, 87 unapata 3.48. Katikati hapo hapana kitu. Nikafungua boksi, nikapekua hojaji moja moja hadi ya 17: swali la sita halikujibiwa. Kumbe waliojibu ni 24, jumla yao 83, wastani 3.46. Takwimu zilikuwa za kweli kabisa. Nilichokosea ni kuandika n = 25, yaani waliojibu ni 25, juu ya jedwali zima.

Kipimo kile cha kuangalia kama wastani unawezekana kwa idadi ya watu kinaitwa GRIM, kazi ya Nick Brown na James Heathers. Kinafaa kwa majibu ya namba nzima na sampuli ndogo; ukiandika desimali mbili, watu wawe chini ya 100. Turnitin inalinganisha maneno. Hesabu zako haizijui.

Tangu siku hiyo situmi kitu kabla sijakipitisha pia kwenye statcheck, programu ya bure inayokokotoa upya thamani za p, zile zinazoonyesha kama matokeo yana uzito wa kitakwimu. Mwaka huu ilinikamata: niliandika t(23) = 2.02, p < .05, wakati t hapo ilitakiwa ifike 2.07 ndipo p iwe chini ya .05. Nikarekebisha, nikaandika upya na mjadala wote, kwa sababu hoja yangu moja iliegemea hapo. Wiki iliyopita muswada huo umekubaliwa, na wahakiki wote wawili hawakugusa takwimu hata moja. Nimefurahi, sifichi.

Ila msiziachie programu kila kitu, wadogo zangu. Statcheck husoma matokeo yaliyoandikwa kwa mtindo wa APA, yaani kanuni za uandishi za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ndani ya aya. Majedwali inayapita tu. Zotero, programu ya kutunza marejeo, itakuonya ukinukuu makala iliyofutwa, lakini haitakuambia kama umeielewa. Majedwali yapitie mwenyewe, mstari kwa mstari, na hojaji ziwe mezani. Fanyeni hivyo kabla ya kutuma, si baada ya barua ya mhariri. Narudia: kabla.

Yule mwanafunzi nilimwomba anitumie jedwali lake la kwanza. Limefika jana usiku. Wahojiwa 40, majibu 1 hadi 5, wastani wa swali la tatu 2.71. Nimemwambia asitume kwanza, azitafute hojaji zake.