Mbio za kuchangia utafiti wa saratani ya damu: michango kwanza, miguu ifuate

Wengi wanaojiandikisha mbio za hisani hapa Tanga huwaza viatu kwanza. Cha kwanza ni daftari la michango, kwa sababu siku ya mbio ikishapita ahadi hupoa, na kumdai mtu mchango wa mbio zilizokwisha ni kazi ngumu.

Anza wiki 12 kabla. Daftari liwe na safu tatu: jina, ahadi, taslimu. Siku ya mwisho ya kukamilisha ahadi iwe wiki mbili kabla ya mbio, na kila Jumapili bandika orodha kwenye kundi la WhatsApp, maana anayeona jina la jirani limelipa hukumbuka lake. Fedha ziende moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya waandaaji. Zikipitia simu yako, makato ya kutoa yatakula mchango, na ukichelewa kidogo kuwasilisha, minong'ono inaanza.

Usiseme "tunachangia wagonjwa" ikiwa fedha ni za utafiti. Aliyetoa elfu kumi akimfikiria mtoto aliyelazwa Hospitali ya Bombo ana haki ya kujua mapema kuwa fedha yake itanunua vitendanishi vya maabara, yaani kemikali za kupimia, italipia vipimo vya uboho na kufuatilia wagonjwa kwa miaka. Akiuliza faida iko wapi, mpe mfano wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Sampuli zikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 mtafiti Anthony Epstein na wenzake wakachapisha habari za virusi walivyoviona ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo saratani hiyo hutibika kwa dawa mtoto akiwahishwa. Maelezo hayo huvuta mchango kuliko bango lolote.

Sasa mwili. Kwa kilomita 10, fanya mazoezi mara tatu hadi nne kwa wiki: kimbia dakika mbili, tembea moja, na usiongeze umbali zaidi ya takriban asilimia 10 kwa wiki. Barabara ya Hospitali kuelekea Raskazone inafaa alfajiri, kabla bodaboda na baiskeli hazijajaa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki mwilini, kwa hiyo joto halitoki. Punguza kasi kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima. Kunywa kiu ikikujia. Maji matupu mengi kupita kiasi hushusha chumvi mwilini. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, hivyo baada ya mazoezi marefu changanya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji.

Viatu vya mtumba vikague kabla ya kulipa: bonyeza soli kwa kidole gumba, isipobonyea povu limekufa, kisha kunja kiatu, gundi kuukuu itaachia hapo hapo dukani badala ya kilomita ya sita. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani.

Ukiwa mwandaaji, piga hesabu ya maji. Wakimbiaji 300, vituo vitatu, glasi mbili za mililita 200 kila kituo: lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20, ukiacha ya kumwagia watu vichwani. Mkimbiaji anayepepesuka au kuongea ovyo asiambiwe ajikaze. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, ita gari la wagonjwa.

Aliye kwenye matibabu ya saratani asishiriki bila ruhusa ya daktari wake, hata kwa kutembea tu, kwani chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini, kuanguka kidogo huweza kuleta damu isiyokatika.

Wasiokimbia waombe kuchangia damu kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa kuwa wagonjwa hawa huongezewa damu mara kwa mara. Wakimbiaji wachangie baada ya mbio, wakishapumzika siku kadhaa. Wakitoa kabla, chembe nyekundu za damu huchukua wiki kadhaa kurudi na pumzi itawakatikia njiani.