Kutega Kamera ya Wanyamapori: Ushauri kwa Anayeanza

Mtu anayekabidhiwa kamera ya kutegea, yaani ile inayojifyatua yenyewe mnyama anapopita mbele yake, kwa mara ya kwanza huwa na hamu ya kufika porini upesi, kuifunga kwenye mti wa karibu, na kurudi baada ya siku chache kutazama wanyama waliopita. Nami nilifanya hivyo, na baada ya wiki 2 nilikuta kadi imejaa picha za bua moja la nyasi lililokuwa likiyumba mbele ya lenzi kila adhuhuri. Kamera haikuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa kinachoifyatua. Kwa sababu hiyo namshauri kila anayeanza ajifunze kwanza namna kihisi cha kamera kinavyofanya kazi, kwa kuwa karibu kila uamuzi atakaoufanya baadaye, kuanzia kimo cha kuifunga hadi upande wa kuielekeza, unategemea jambo hilo.

Kihisi cha kamera nyingi za aina hii hakitoi mwanga wowote, bali hupokea miali ya infraredi, yaani joto linalotoka kwenye vitu vilivyo mbele yake. Juu ya kihisi kuna lenzi ndogo ya plastiki inayoligawa eneo katika kanda kadhaa, na kamera hufyatuka pale kitu chenye joto tofauti na la mandhari kinapovuka kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo mambo mawili hayana budi kukutana, tofauti ya joto na mwendo. Mnyama anayekata mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia huvuka kanda nyingi na kunaswa mapema, ilhali anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera huvuka kanda chache, na anaweza kufika karibu sana kabla haijaamka. Siku za joto kali, ardhi na mawe yanapokaribia joto la mwili wa mnyama, hata mnyama mkubwa anaweza kupita bila kuhisiwa. Nyoka, kenge na mijusi, ambao joto la miili yao hufuata la mazingira, hukoswa mara nyingi, na ndiyo maana kutokuwapo kwao kwenye picha si ushahidi kwamba hawapo mahali pale. Kwa upande mwingine, majani yaliyopashwa moto na jua kisha yakatikiswa na upepo hutimiza masharti yote mawili, nayo hujaza kadi bila faida. Ifahamike pia kwamba kioo cha kawaida cha dirisha huzuia miali hiyo ya joto, hivyo kamera iliyowekwa nyuma ya dirisha haitamhisi mnyama aliye nje.

Baada ya kuelewa hayo, kazi ya kuchagua mahali inakuwa na mwongozo. Kabla ya kuitoa kamera kwenye mkoba, tembea polepole na utafute nyayo, kinyesi, nywele zilizonasa kwenye magome, nyasi zilizolazwa na miguu, vivuko vya vijito, na magogo yaliyoangukia njia na kuwalazimisha wanyama wapite upande mmoja. Mahali ambapo vijia viwili vinakutana kwa kawaida panalipa kuliko uwanja wa wazi, hata kama uwanja huo unapendeza zaidi kwa macho ya mpiga picha. Ukishapata njia, funga kamera mita 3 hadi 5 kutoka hapo, na badala ya kuielekeza pembe mraba kabisa kwenye njia, igeuze kidogo ili iitazame kwa mshazari. Kwa mkao huo mnyama bado anavuka kanda, lakini anakaa ndani ya picha kwa muda mrefu zaidi, jambo linaloisaidia kamera ambayo huchelewa kidogo kati ya kuhisi na kupiga. Kamera iliyoelekezwa pembe mraba kwenye njia nyembamba hutoa picha nyingi za mikia.

Kuhusu kimo, wengi wanaoanza hufunga juu mno, kwenye usawa wa kifua, kwa sababu ndipo mikono yao inapofika bila kuinama. Kwa wanyama wa umbo la kati, kimo cha sentimita 30 hadi 50, yaani usawa wa goti la mtu mzima, hufaa zaidi. Kwa wanyama wakubwa unaweza kupanda hadi mita 1 au zaidi, mradi usogee nyuma ili miili yao ienee ndani ya picha. Kwa wanyama wadogo kama panya inabidi ushuke na ukaribie, lakini kumbuka kwamba lenzi za kamera nyingi za kutegea zimefungwa kwa umbali maalumu, na kitu kilicho karibu mno hutoka na ukungu. Penye mteremko, mlalo wa kamera ufuate mlalo wa ardhi. Kamera iliyonyooka juu ya ardhi inayoshuka itapiga picha za hewa iliyo juu ya migongo ya wanyama. Kijiti kikavu kilichochomekwa kati ya mti na mgongo wa kamera hutosha kurekebisha pembe hiyo. Chagua mti mnene usioyumba.

Lipo jambo moja ambalo nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha, nalo ni kujaribu kabla ya kuondoka. Kamera nyingi zina hali ya majaribio ambamo kitaa kidogo huwaka kila kihisi kinapokutambua. Washa hali hiyo, kisha pita kwenye njia ukiwa umechuchumaa au ukitambaa kwa kimo cha mnyama unayemtarajia, kutoka pande zote mbili, huku mwenzako akiangalia kitaa. Anayepima akiwa amesimama wima hujidanganya, kwa kuwa kiwiliwili chake kipo juu kuliko mgongo wa mnyama yeyote wa kimo cha goti. Zoezi hili huchukua dakika 10, nami nimeona mara nyingi likifichua kosa ambalo lingegharimu mwezi mzima.

Jua nalo lina nafasi yake. Kamera inayotazama mashariki au magharibi hupokea mwanga wa jua moja kwa moja asubuhi au jioni, na hizo ndizo saa ambazo wanyama wengi hutembea. Walio kaskazini ya mbali ya ikweta huelekeza kamera kaskazini, na walio kusini ya mbali huielekeza kusini. Walio karibu na ikweta, ambako jua hubadilisha upande kulingana na majira, watosheke na kuepuka mashariki na magharibi. Kisha ondoa nyasi na vitawi vilivyo mbele ya lenzi, lakini vile tu vinavyoweza kuyumba ndani ya eneo la kihisi. Usifyeke uwanja. Nilipowahi kusafisha kupita kiasi, wanyama walihamisha njia yao hatua kadhaa kando, nyuma ya kamera.

Usiku kamera hutumia taa za infraredi, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Taa zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 850 huangaza mbali zaidi, lakini huonyesha wekundu hafifu ambao mtu au mnyama anaweza kuuona. Za nanomita 940 karibu hazionekani kabisa, ingawa mwanga wake haufiki mbali vilevile. Mweko mweupe hutoa picha za rangi na zilizo wazi zaidi, na una historia ndefu: George Shiras wa Marekani alitumia nyuzi za kutega na mweko wa unga kupiga wanyama usiku, na picha zake 74 zilichapishwa katika jarida la National Geographic mwezi Julai 1906. Hata hivyo mweko huo unaweza kumshtua mnyama, hivyo uutumie pale tu unapouhitaji, hasa unapotaka kutofautisha mnyama mmoja na mwingine kwa madoa au milia yake. Miaka ya 1990 Ullas Karanth, mtafiti wa wanyamapori, alitumia njia hiyo kukadiria idadi ya chui milia katika Nagarahole nchini India, kwa kuwa milia ya kila mmoja ni ya kwake peke yake. Milia ya ubavu wa kushoto hailingani na ya kulia, na kwa hiyo anayetaka kuhesabu kwa namna hii hutega kamera 2, moja kila upande wa njia, akizipishanisha kidogo ili mweko wa moja usiingie kwenye lenzi ya nyingine.

Katika kuipanga kamera, saa na tarehe vitangulie kila kitu. Picha isiyo na tarehe sahihi humwambia mtafiti kidogo sana, na baadhi ya kamera hurudia tarehe ya kiwandani betri zinapotolewa. Nilipoteza data ya msimu mmoja kwa njia hiyo. Tangu hapo, kila ninapotega na kila ninapotegua, naandika kwenye karatasi jina la kituo, tarehe na saa, kisha naishika mbele ya kamera hadi ipigwe. Ikitokea saa ya kamera ilikosea, tofauti inajulikana na picha zote zinarekebishika. Picha 3 mfululizo kwa kila mfyatuko zinatosha kwa kazi nyingi. Video hufundisha mengi kuhusu tabia, lakini hula betri na kujaza kadi upesi.

Betri za lithiamu zisizochajiwa hushikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho na huvumilia baridi, ilhali za alkali hupungua polepole, na dalili ya kwanza ni picha za usiku kufifia. Zile za nikeli zinazochajiwa zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya kamera huzisoma kuwa zimechoka zikiwa bado zimejaa. Usichanganye mpya na zilizotumika. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, wala si kwenye kompyuta. Weka pakiti ndogo ya kufyonza unyevu ndani ya kasha, na kila unaporudi ukague mpira wa mlango, kwa sababu sisimizi hupenda kujenga humo na buibui hutanda utando mbele ya taa. Mahali penye tembo au fisi, kasha la chuma ni la lazima.

Kuhusu watu, sina wepesi wa kusamehe uzembe. Pata kibali cha mwenye ardhi au mamlaka ya hifadhi, waeleze wanaopita eneo hilo kwamba kuna kamera, na ufute picha za watu waliopigwa bila kukusudia. Usitege mbele ya pango lenye watoto wa wanyama wala karibu na kiota. Mahali halisi pa mnyama anayewindwa pasitajwe hadharani, na kumbuka kwamba picha zinazobeba taarifa za mahali ndani yake huweza kupataja zenyewe.

Unapozisoma picha, usihesabu picha kana kwamba ni wanyama. Swala mmoja anayelisha mbele ya kamera anaweza kujaza picha 60, na kwa sababu hiyo watafiti wengi huzichukulia picha za aina moja zilizopigwa ndani ya dakika 30 kuwa tukio moja. Hifadhi faili asili bila kuzibadilisha, katika sehemu mbili tofauti, na usifute picha ya mnyama usiyemtambua. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ilimpiga sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyekuwa na uso wa kijivu ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Mimi huziweka picha zangu za namna hiyo katika folda ya peke yake, kila moja ikiwa na jina la kituo na tarehe, na huwapelekea wataalamu wa kundi husika zikiwa kamili, pamoja na zile zenye ukungu zilizozitangulia na kuzifuata.