Pwani au Bara? Wasomaji Wanauliza Kuhusu Hija ya Miguu ya Mtakatifu Yakobo

SWALI: Ndugu Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, mkazi wa Ng'ambo hapa Tabora. Binti yangu anayefanya kazi Ureno amenialika tuhiji pamoja kwa miguu mwezi Mei, kutoka mji wa Porto hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Yeye anapenda tupite njia ya pwani kwa kuwa ni tambarare na ina bahari. Padre mmoja aliyewahi kuhiji huko ananishauri nipite njia ya bara, wanayoiita Njia ya Kati, kwa sababu ni fupi na ina historia ndefu zaidi. Afya yangu ni njema, isipokuwa goti la kulia huniuma kidogo ninaposhuka ngazi. Tuchague ipi, na je, tukiona tumekosea tunaweza kubadili tukiwa safarini?
Mwalimu mstaafu, Tabora

JIBU: Milele amina, Mwalimu, na upokee shikamoo yetu. Katika barua yako yote, jambo zito kuliko mengine umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: goti linauma unaposhuka. Binti yako na Padre wanazungumzia mandhari, urefu na historia, na hakuna aliyekosea kati yao, lakini mwenda kwa miguu kwa kawaida hashindwi na jumla ya kilomita. Hushindwa na siku moja mbaya. Njia ya Kati ina kilomita zipatazo 240, na ile ya pwani ina kati ya 260 na 280 kulingana na vipande utakavyovipita, kwa hiyo tofauti yake ni siku moja au mbili tu za mwendo. Iweke kando hesabu hiyo kwa sasa, uitafute siku iliyo ngumu kuliko zote katika kila njia, kisha ujiulize kama goti lako litaiweza siku hiyo.

Katika Njia ya Kati, siku hiyo ni ile ya kutoka Ponte de Lima kwenda Rubiães. Ponte de Lima ni mji uliojengwa ukingoni mwa mto, chini bondeni, na kutoka hapo njia hupita Labruja na kupanda hadi kwenye kilele cha Portela Grande, ambacho kina kimo cha mita kama 400 tu. Kwa mkazi wa Tabora, ambaye hata akilala kitandani mwake yuko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, namba hiyo inaweza kuonekana ya mzaha. Kimo hakina neno. Taabu iko kwenye mawe yaliyolegea, mizizi inayokatiza njia na mteremko wa upande wa pili. Mimi mlima huo niliupanda nikiimba, nikaushuka kimya nikiwa nimeegemea fimbo, na ukucha wa kidole gumba cha mguu ulinitoka wiki mbili baadaye, nilipokuwa nimesharudi nyumbani na kuanza kusimulia kwamba safari ilikuwa rahisi.

Pwani haina mlima wa namna hiyo. Kuanzia Matosinhos, nje kidogo ya Porto, hadi Vila do Conde, sehemu kubwa ya njia ya ufukweni imetandikwa mbao juu ya mchanga, na mguu hukanyaga mahali palipo sawa. Taabu ya huko ni upepo. Majira ya joto yanapokaribia, upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu hasa mchana, na kwa kuwa ninyi mtakuwa mnaelekea kaskazini, utawapiga usoni. Dawa yake ni kuondoka alfajiri na kufika mapema. Zaidi ya hayo, anayeifuata pwani hadi mwisho huvuka mto Minho kwa boti kutoka Caminha hadi A Guarda, safari inayotegemea kujaa na kupwa kwa maji, na baadaye hulazimika kuukatiza mji mkubwa wa Vigo kabla ya kukutana na Njia ya Kati mjini Redondela.

Sasa niseme kile ambacho binti yako na Padre hawakukuambia: si lazima kuchagua moja. Njia hizi mbili zimeunganishwa na vichochoro kadhaa, na kinachofaa goti lako ni hiki. Anzeni pwani kutoka Porto, mpite Vila do Conde, Esposende na Viana do Castelo hadi Caminha. Hapo msipande boti. Geukeni mashariki mfuate ukingo wa mto Minho upande wa Ureno, kupitia Vila Nova de Cerveira, hadi Valença, umbali unaokaribia kilomita 30 ambao ni vyema mkaugawa kwa siku mbili kwa kulala Cerveira. Valença iko kwenye Njia ya Kati, tena baada ya Rubiães, kwa hiyo mtakuwa mmeukwepa ule mteremko wote bila kuikosa sehemu ya mwisho ambayo Padre anaisifu. Kutoka hapo mnavuka daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1886 na kuingia Tui, Hispania, mkiwa mmebakiza kilomita zaidi ya 110, nazo zinatosha kupata hati ya Compostela, ambayo hutolewa kwa mwenda kwa miguu aliyetembea walau kilomita 100. Kumbukeni kugongewa mihuri miwili kila siku kwenye kijitabu cha mhujaji katika sehemu hiyo ya mwisho. Kumbukeni pia kwamba mkivuka daraja saa inasogea mbele kwa saa moja. Wapo waliofika kanisani Tui wakakuta padre anatoa baraka ya mwisho.

Kuhusu kubadili mawazo, jibu ni ndiyo, na mahali pa kufanya hivyo panajulikana. Vila do Conde ndipo pa kwanza. Mkifika hapo upepo umewachosha, mnaweza kukata kuelekea Rates na kuingia Njia ya Kati, ingawa mkifanya hivyo mjue kwamba Labruja inawasubiri. Caminha ndipo pa pili. Uamuzi wa Vila do Conde ufanyeni Vila do Conde, baada ya kuona miguu inasemaje, wala si mezani Tabora miezi sita kabla.

Nawaambieni hivi nikijua kwamba kwa mtu wa Unyamwezi si mambo mageni. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora haikuchagua njia kwa urefu; iliuliza maji yako wapi, posho, yaani chakula cha njiani, inapatikana wapi, na mtawala gani anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kiasi gani. Penye mwendo mrefu usio na maji, wapagazi walifanya terekeza: waliondoka baada ya adhuhuri vibuyu vikiwa vimejaa, wakalala pakavu katikati ya njia, na asubuhi wakayafikia maji kabla jua halijawa kali. Na njia fupi ilipofungwa, iliachwa bila majuto. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa Kwihara, hapo jirani na kwako, njia ya moja kwa moja kuelekea magharibi ilikuwa imezibwa na vita vya Mirambo. Aliondoka mwezi Septemba, akazunguka mbali kusini, na mwezi Novemba akamkuta Livingstone Ujiji. Mzunguko ule ulimfikisha.

Hata alama za njia zina ndugu zake kwetu. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, alipofika kwenye njia panda aliweka tawi la majani au kuchora mstari kwa mguu kuifunga njia isiyofaa, ili walioachwa nyuma wasipotee. Huko Hispania kazi hiyo hufanywa na mishale ya rangi ya njano, na aliyeanza kuipaka miaka ya 1980 ni Padre Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro. Tofauti ni kwamba kirangozi alikuwa mmoja, lakini mishale imepakwa na watu wengi, na baadhi yao wana migahawa. Hili utaliona mnapokaribia O Porriño, siku ya kwanza baada ya Tui, ambapo njia ya zamani hunyooka katikati ya eneo la viwanda, kwenye lami tupu, ilhali njia mbadala hupita kwenye miti kando ya mto Louro. Fuateni ya mto, hata mshale mnene kuliko mingine ukielekeza viwandani.

Jambo moja limebaki, nalo ni mazoezi. Kutembea kutoka Ng'ambo hadi Kwihara na kurudi ni zoezi zuri la pumzi na la viatu, lakini Tabora ni tambarare na haitalifundisha goti kushuka. Ukipata nafasi, panda treni uende Kigoma, ukae siku tatu au nne, ushuke na kupanda vilima vinavyoelekea ziwani ukiwa na begi mgongoni na fimbo mbili mkononi. Fimbo mbili, Mwalimu, si moja. Na kabla ya hayo yote, daktari aliangalie goti hilo.

SWALI: Mhariri, sisi ni vijana sita wa kwaya. Mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Compostela, na tunakusudia kuanza Njia ya Wafaransa kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port wiki moja kabla ya Pasaka. Tumeona kuna njia mbili za kuvuka milima ya Pirenei siku ya kwanza, ya juu iitwayo ya Napoleon na ya bondeni kupitia Valcarlos. Wenzangu watano wanataka ya juu kwa sababu ya picha.
Mwanakwaya, Gungu, Kigoma

JIBU: Pasaka ya mwaka 2027 itakuwa tarehe 28 Machi, nayo njia ya Napoleon hufungwa kisheria kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Wenzako watano wameshindwa kura na kalenda. Piteni Valcarlos.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa ukaidi. Njia ya juu huanza kwenye kimo kisichofikia mita 200 na kupanda hadi zaidi ya 1,400 kabla ya kushuka Roncesvalles, na huko juu theluji na ukungu humpoteza mtu hata mwezi Machi, mbali na nyumba yoyote. Anayekaidi na kuhitaji kuokolewa anaweza kutozwa gharama na faini. Njia ya Valcarlos nayo si mteremko wa mchezo, maana hupanda hadi zaidi ya mita 1,000 kwenye kipito cha Ibañeta, na mahali pengine mtatembea kando ya barabara ya magari, kwa hiyo vaeni nguo zinazoonekana. Wote watano watulie: njia zote mbili hukutana Roncesvalles jioni hiyo hiyo, na zimebaki kilomita zaidi ya 700 za kupigia picha.

SWALI: Mimi ni mvuvi, nimezaliwa na kukulia Ujiji. Katika kundi letu la hija tutakaoanzia Tui, mmoja amependekeza tuache njia ya kawaida Pontevedra, tupite njia ya pembeni ambayo sehemu yake ni kwa boti. Wengine wanasema kupanda boti ni kudanganya. Je, hati tutapewa?
Mvuvi, Ujiji

JIBU: Mtapewa, kwa sababu kilomita mtakazotembea kutoka Tui bado zitazidi 100 hata mkitoa za majini. Njia hiyo huitwa Variante Espiritual, nayo huongeza takribani siku moja. Kutoka Pontevedra hupita Combarro, kisha hupanda mlima mkali hadi monasteri ya Armenteira, na siku inayofuata hushuka kando ya kijito chenye vinu vingi vya zamani vya kusagia nafaka vilivyoendeshwa kwa maji, sehemu ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko yote kati ya Tui na Santiago. Hufika Vilanova de Arousa, na hapo ndipo boti ilipo.

Waambie wanaosema ni udanganyifu kwamba, kwa mapokeo, mwili wa Mtakatifu Yakobo wenyewe ulifika kwa mashua kupitia ghuba hiyo hiyo ya Arousa na kupanda mto hadi Padrón, ambako hadi leo huonyeshwa jiwe linalosemwa kuwa ndilo ilikofungwa. Kando ya maji mtaiona misalaba ya mawe iliyosimamishwa kuifuata safari hiyo. Mwenye mashaka zaidi anaweza kuibakia njia ya kawaida kupitia Caldas de Reis na kuwasubiri Padrón. Atafika kabla yenu.

Wewe mwenyewe, kwa kuwa umezoea ziwa, angalia jambo moja: Ziwa Tanganyika halina maji kujaa na kupwa, lakini ghuba ile inayo, na boti huondoka kwa kufuata maji, leo alfajiri, kesho karibu na adhuhuri. Uliza saa ya boti mkiwa bado Armenteira, ili mjue kama mtalala Vilanova au mtapita moja kwa moja.